Kumchora Yeyo Kabla Hawajahama

Jumamosi, 9 Agosti 2025. Mikumi.

Nane Nane imepita na wateja wamepita nayo. Leo nimechora tena Wamasai wakiruka mbele ya jua jekundu. Cornel ndiye anayetaka hivyo – duka lake liko kando ya barabara kuu, magari ya watalii yanasimama pale kwa ajili ya choo, na mtu akitoka chooni ananunua picha. Jua liwe kubwa, anasema. Liwe kama chungwa. Mimi ni Mparakuyo, ndugu wa hao Wamasai, nimezaliwa bomani Rudewa, na sijawahi kuona mtu wa kwetu anaruka jua likizama. Jua likizama watu wanakamua. Nilimwambia. Akaniuliza nani atanunua picha ya mtu anakamua.

Jioni Seuri kapiga simu. Kaka yangu huyu kwenye simu anabana maneno utadhani yataisha. Wanahama. Wanakwenda Lindi. Malisho Rudewa hakuna, mashamba yamefika mpaka kwenye njia ya ng'ombe, kesi haziishi. Mwisho wa mwezi, yeye na Lucy mke wake na mtoto wao na mifugo yote.

Nikauliza, na yeyo?

Akajibu: "Yeyo abaki na nani?"

Kwa hiyo mama yangu anahamia Lindi. Niliendelea kupaka jua la Cornel mpaka karatasi ikalowa ikatoboka.

Jumatatu, 11 Agosti. Mikumi.

Sina picha ya yeyo. Ya baba pia sina, na jina lake siliandiki hata humu, kwetu marehemu hatajwi. Jana usingizini nilijaribu kukumbuka pua ya baba. Ikaja pua ya Seuri.

Asubuhi nimetoka nje ya mji na ubao wangu, nikachora milima ya Uluguru kwa mbali. Ilitokea vizuri na sikufurahi. Tembo walikuwa wamesimama ng'ambo ya barabara, sikuwatazama mara mbili. Nilitaka ng'ombe. Nilitaka harufu ya samadi yenye umande, ndiyo niseme ukweli.

Nimeomba ruhusa. Cornel kakubali kwa shingo upande, kasema nirudi na Wamasai wapya.

Jumatano, 13 Agosti. Rudewa.

Gari la Kilosa kupitia kijiji cha Ulaya. Vumbi mpaka kwenye meno. Kutoka Kilosa nikapata bodaboda, na Kimamba dereva aliposimama kuweka mafuta nikachora haraka ghala la zamani la mkonge, bati zimeanguka nusu, mbuzi wamelala ndani. Dereva akauliza kama nitamuuzia. Akaona ghala halina rangi, akaghairi.

Nikamkuta yeyo anakandika nyumba. Mikono imejaa samadi mpaka kwenye viwiko. Nyumba ambayo wanaiacha mwisho wa mwezi! Nikainama, akanigusa kichwani kwa mkono uleule, kama bado ni binti mdogo. Nikamuuliza kwa nini anahangaika. Akasema nyumba haiachwi ikiwa uchi.

Nimemwambia nimekuja kumchora. Akae tu, hapo mlangoni, asubuhi moja. Akanitazama vibaya. Anayekaa mchana bila kazi ni mgonjwa au ni mgeni, na yeye si mgonjwa wala si mgeni. Akaenda kutafuta maji.

Lucy kasema mpige picha na simu, mara moja tu, yamekwisha. Lucy ni mtu mwema. Lakini simu inamtazama mtu kwa kufumba na kufumbua, ikaacha. Mimi nataka kumtazama yeyo kwa muda mrefu bila mtu kuniuliza natazama nini. Picha ni kisingizio. Nimeiandika, sasa naijua.

Ijumaa, 15 Agosti. Rudewa.

Yeyo hakai. Nina michoro ya mgongo wake, kisogo chake, mkono mmoja na kibuyu. Nikimfuata na ubao anacheka anazunguka nyumba.

Basi nikachora ng'ombe. Asubuhi nilikaa karibu na mlango wa zizi, kila anayetoka namweka kwenye karatasi, mistari miwili mitatu na madoa yake. Seuri akaja akasimama nyuma yangu. Akasema, acha. Unahesabu.

Nikamwambia sihesabu, nachora.

"Ukimaliza, mtu akishika hiyo karatasi atahesabu," akasema. "Itakuwa umemsaidia."

Ng'ombe hawahesabiwi. Unamjua kila mmoja kwa rangi na kwa tabia, na akikosekana unajua nani hayupo, lakini idadi huitamki, maana kitakachofuata hukitaki. Hayo nimeyajua kabla sijajua kusoma. Mikumi imenisahaulisha.

Yeyo aliyasikia akiwa anakamua. Akasema bila kugeuka: mwache mmoja nje. Karatasi isiyotimia haijahesabu mtu. Seuri akakubali kwa kidevu.

Nimemwacha yule mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji, kwa sababu ndiye ninayempenda na nilidhani sitamsahau. Jioni nikaitazama karatasi, nikamtafuta yeye tu.

Jumapili, 17 Agosti. Rudewa.

Siku mbaya. Naandika yote.

Lucy alikwenda kanisani, mimi nikapanda juu ya kichuguu kando ya barabara ya zamani ya mkonge. Kutoka pale unaona paa la boma, mashamba yaliyovunwa, na milima ya Ukaguru nyuma. Mwanga mzuri. Nikafanya ninavyofanya siku zote: nimenyoosha mkono, nimeshika brashi wima, jicho moja limefumba, kidole gumba kinapanda na kushuka kwenye mpini. Ndivyo unavyojua mlima una urefu gani ukilinganisha na nyumba.

Nikasikia miguu. Mzee Maganga na wenzake wawili. Maganga ni Msukuma, shamba lake linapakana na malisho yetu, ananifahamu tangu nakimbia na ndama. Au nilidhani ananifahamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unapima nini?"

Na mimi, mjinga, nikajibu kweli. "Napima mlima."

Hapa kwetu kila mpima ardhi aliyekuja akafumba jicho moja, baada yake mpaka umesogea. Hilo nalijua. Nililijua kichwani, kidole kilikuwa kimelisahau.

Nikamwonyesha karatasi ili acheke. Hakucheka. Akaweka kidole palepale nilipoomba Mungu asipaone. Boma lilikuwa limejificha nyuma ya mabua yake, nikawa nimeusogeza mstari wa shamba kidogo ili boma lionekane. Mchoraji anasogeza vitu. Mti, jiwe. Sikufikiria kabisa.

"Shamba langu umelikata," akasema.

Nikasema ni picha tu, mzee, ni karatasi.

"Kwenye karatasi ndiko kunakoanzia," akasema.

Tukaenda ofisi ya kijiji. Mtendaji akaitwa kutoka kwenye chakula chake. Akaigeuza picha juu chini. Akaniuliza nimetumwa na nani. Nikasema na mimi mwenyewe. Jibu hilo halikumsaidia mtu. Seuri naye akaitwa, akasimama pale na fimbo yake, anaulizwa kama anapeleka ramani mahali. Karatasi imebaki ofisini.

Kurudi njiani Seuri alitangulia, fimbo begani.

Jumatatu, 18 Agosti. Rudewa.

Hawangoji mwisho wa mwezi. Seuri kasema hataki kesi nyingine kabla ya safari. Vijana wanaondoka na ng'ombe kwa miguu keshokutwa. Jumamosi linakuja fuso kumchukua yeye, Lucy na mtoto, yeyo, ndama na vyombo.

Nilikuja kuongeza siku na yeyo. Nimezipunguza.

Nilimwambia Seuri anisamehe. Akasema hakuna kosa, kalamu yako imetutoa mapema kidogo, tungetoka tu. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningepumua. Amechoka, kaka yangu, na ana mvi ambazo sijui zilianza lini. Nilikwenda kulia nyuma ya zizi la ndama. Ndama mmoja alinilamba ubao wa rangi, ulimi ukawa wa bluu.

Alhamisi, 21 Agosti. Rudewa.

Ng'ombe waliondoka jana kabla ya jua kuwa kali. Mweusi wangu alikuwa karibu na mwisho. Leo zizi liko wazi na nzi wamebaki wanazunguka bila kazi. Nimechora zizi tupu. Ni mchoro wangu bora mwaka huu na siutaki.

Mchana akaja Mzee Maganga, peke yake, na ile karatasi ameikunja kwenye gazeti isichafuke. Yeyo akamtolea kigoda. Miaka yote hiyo yeyo amempelekea maziwa mkewe, na mkewe amemletea yeyo mahindi, ugomvi wa mpaka ukiwa palepale katikati. Wakasalimiana kwa Kiswahili chao, kila mmoja na chake. Maganga akasema amesikia wanaondoka. Yeyo akasema ndiyo.

Kisha mzee akanigeukia mimi. "Chora tena, binti. Mstari uweke ulipo."

Nikachora tena nikiifuata ile ya kwanza, amekaa pembeni ananisimamia. Boma limepotea nusu nyuma ya mabua yake, linaonekana paa tu. Akasema hiyo ndiyo kweli. Akaondoka nayo, kaomba awe nayo, na mimi nikampa.

Ijumaa, 22 Agosti. Rudewa.

Kila kitu kimefungwa. Vibuyu kwenye magunia, ngozi zimekunjwa. Leo jioni hapakuwa na cha kukamua wala cha kufunga. Sijawahi kumwona yeyo jua likizama mikono yake iko mitupu. Aliishika yenyewe kwa yenyewe. Alitembea mpaka zizini, akarudi.

Akasema kesho nimchore.

Nilidhani sikusikia vizuri. Akasema asubuhi, kabla ya gari, pale mlangoni, na nisiwe mwongo nikamwambia ni kidogo. Yeye akikaa anakaa mpaka nimalize. Hapandi gari sijamaliza. Kazi ya mtu haiachwi katikati, akasema, na akaipiga nyumba yake ubavuni kwa kiganja, samadi imekauka vizuri, haina ufa.

Nataka kwenda nao. Nataka abaki. Nataka niwe mtoto na mambo haya yaamuliwe na watu wengine. Niende Lindi nikafanye nini? Simjui hata mtu wa kukamua kwa zamu naye, vidole vyangu vimesahau. Nilijaribu juzijuzi, ng'ombe alinitazama.

Jumamosi, 23 Agosti. Rudewa.

Yeyo amekaa. Amevaa shanga zake zote na shuka ya bluu iliyofuliwa. Mikono juu ya magoti. Anatazama mbele, huku niliko, haachi.

Nilianza na macho kwa sababu niliogopa. Kisha masikio marefu, kisha mikunjo ya shingo ambayo sikuwahi kuijua, mmoja una kovu dogo. Nilipomaliza kinywa nikaona ni kinywa changu. Rangi zilikauka haraka, upepo wa kusini. Pua nimeipata. Pua hii sitaipoteza.

Fuso lilifika nikiwa napaka rangi ya shuka. Wakapakia magunia, wakapakia ndama, mmoja alipiga kelele sana. Lucy ameshapanda, amempakata mtoto wake. Yeyo hakugeuza kichwa.

Picha imekwisha. Imekwisha zamani. Nimegeuza karatasi na naandika haya kwa nyuma yake, ubao ukiwa umesimama vilevile kwenye magoti. Namtazama, nainama, naandika mstari, namtazama tena. Yeyo hajui kusoma, na hata angejua haoni kutoka pale. Anaona mkono unatembea.

Seuri amekuja, amesema dereva anataka kuvuka Kilosa kabla ya joto. Nikamwambia haraka haraka haina baraka. Akazunguka nyuma yangu. Amesimama hapa sasa hivi. Seuri alifika darasa la saba, anasoma. Anasoma.

Ameondoka. Amemwambia dereva kitu, dereva amezima injini.

Jua limefika kwenye miguu ya yeyo. Nzi ametua kwenye shavu lake, hamfukuzi, asiniharibie. Anauliza kwa midomo tu, uso hautingishiki, kama nimemaliza.

Bado, yeyo. Bado mkono wa kushoto.