Wimbo wa Nafasi ya Pili

Kwako kaka yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe, wifi na watoto. Natumai homa ya wifi imekwisha, na kwamba wewe mwenyewe unakula, maana kwenye picha ya mwisho uliyotuma shingo imebaki kamba. Sisi huku tunashukuru. Mama hajambo kwa kiasi chake: anakula, anatembea hadi uani na kurudi, ila siku nyingi ananiita muuguzi. Nimezoea. Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua na simu ipo. Nimekupigia mara kadhaa nikaishia kukuuliza hali ya hewa. Mengine mdomo hauyawezi.

Kwanza nyimbo. Orodha yako ya nyimbo kumi bora za muongo ule wa utoto wetu niliipata, nikacheka peke yangu kama chizi. Kaka, wewe na muziki ni mbingu na ardhi. Ule wa tarumbeta umeuweka wa nane, halafu yule mwimbaji anayelia kama mbuzi ndiye wa kwanza! Na ule wenye kiitikio cha ngazi, ambao kila redio ya mtaa wetu iliupiga mpaka ukachuja, hukuuweka kabisa. Nilikumbuka kwamba wimbo huo ulikuwa ukianza tu, wewe unainuka kuzima redio, hata kama msikilizaji ni baba. Na baba, pamoja na ukali wake wote, hakukugombeza hata siku moja. Mimi nilidhani unaringa.

Nikasema ngoja nikufundishe orodha inavyopangwa. Cherehani nimeihamishia chumbani kwa mama ili nishone huku namwangalia, basi nikapanga orodha yangu, na alasiri moja nikaweka spika dirishani, nikaanza na wa kumi kushuka chini, nikiiga yule mtangazaji wetu wa Jumamosi mwenye mafua yasiyopona. Laiti ungekuwapo! Wa kumi, mama akatikisa mguu. Wa saba, ule ambao baba alikuwa akiucheza na ufagio, akacheka mpaka akashika mbavu, akaniambia mume wake hana haya. Wa nne aliuimba wote, yeye ambaye asubuhi ile alisahau mlango wa choo. Nilifurahi hata nikaacha kushona.

Ndipo nikatangaza, kwa mbwembwe zote, nafasi ya pili. Wimbo wa ngazi ukaanza. Mama akaweka kidole mdomoni, akaninong'oneza nipunguze sauti, Pili amelala. Nikamuuliza Pili ni nani. Akanishangaa, akasema ni mwanawe, nisimsogelee na miguu yenye vumbi. Alikuwa akitazama kona iliyo nyuma ya mlango, ile ambayo hatukuwahi kuweka kitu hata nyumba ilipojaa wageni. Nikazima. Orodha yangu iliishia hapo.

Tangu siku hiyo mama akipita kona ile ananyata. Nami, usinicheke, nanyata vilevile. Juzi nilimkemea mteja aliyecheka kwa sauti nikimpima gauni. Naiogopa nyumba hii, kaka, na bado sitaki kutoka humo.

Nikamwendea mama mdogo. Alikataa, akaapa, akalia, mwisho akasema. Kati yako na mimi palikuwa na msichana. Hakuwahi hata kujifunza kukaa. Wazazi walikuwa hawajakubaliana jina, wakawa wanamwita Pili tu, kwa kuwa ni wa pili. Kumbe ndiyo maana marehemu baba alikuwa akinitania kwa jina la Tatu, nasi tukimcheka kwamba seremala mzima hajui kuhesabu watoto wawili. Pili alifariki alasiri, mama akianua nguo uani, redio ya jirani ikipiga wimbo ule. Wewe ulikuwa na miaka mitano. Alikuwa mikononi mwako, unamchezesha. Baba akaagiza asitajwe tena ndani ya nyumba, akidhani anakukinga.

Sasa nafika kwenye lililonikalisha kuandika. Mama mdogo anasema siku ya maziko ulimvuta nguo, ukamuuliza kama ulimbana sana. Hakukujibu, na hilo linamtafuna mpaka leo. Nami nimefikiri: nauli unayo, likizo unayo, na kila mwaka sababu ya kutokuja haikosekani. Kaka, hukumbana. Hukumwangusha. Mtoto alikuwa na nimonia, na daktari alikwisha kuwaambia wazazi wamrudishe nyumbani wakae naye. Watu wazima wote walijua. Wewe walikupa umshike kwa sababu kwako ndiko alikokuwa akinyamaza.

Nisalimie wifi, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Mama mdogo anakusalimu na anaomba umsamehe. Mama naye anakusalimu. Kila jioni nikimfunika shuka ananiuliza uko wapi. Nikimjibu kwamba uko mbali, ananiagiza nikwambie umlete mtoto sasa, umembeba muda mrefu, mikono itakuwa inakuuma.

Ndimi mdogo wako.