Siku ya Kung'oa Jina la Mkasi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limehifadhiwa kwenye jalada. Mtaani huitwa Fundi Jezi.
Jinsia na umri: Mwanamke, miaka 38
Kazi: Kubandika majina na namba kwenye jezi, dukani kwake
Makazi: Vyumba viwili nyuma ya stendi ya mabasi
Uhusiano na mtuhumiwa: Kaka yake, baba mmoja mama mmoja
Siku na saa ya kuandika: Ijumaa, tarehe 13 mwezi wa tatu, saa 3:10 asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu. Nimeambiwa nikisema uongo naweza kushtakiwa, nimeelewa. Hakuna aliyenilazimisha kuja hapa, ila wapo walionibembeleza nisije.

Afande ametaka nianze na tukio. Nimemwomba nianze siku moja nyuma, kwa sababu nikianza na mkono ulioungua hatajua ulifikaje kwenye mashine.

Mnamo Jumatatu tarehe 9, saa 4 asubuhi, mahakama ilimtia hatiani mshambuliaji wa timu yetu, jezi namba 17, ambaye sisi mashabiki tunamwita Mkasi kwa jinsi anavyoupiga mpira akiwa hewani. Alimpiga mkewe mpaka akamvunja taya. Alipewa kifungo cha nje cha miezi kumi na minane, maana yake Jumamosi ya kesho anaweza kucheza kama kawaida. Nilisikia redioni nikiwa dukani. Kusema kweli wazo langu la kwanza halikuwa taya ya yule dada, Mungu anisamehe. Niliwaza: haya, sasa watu watazifanyaje jezi zao? Mimi peke yangu nimebandika jina la Mkasi kwenye jezi zaidi ya mia nne. Ni mdadisi, sikatai. Nyumbani mama huniita Kwanini.

Sikungoja sana. Saa 5 na nusu aliingia mwalimu wa hesabu wa sekondari, jezi ameikunja ndani ya gazeti utadhani kaiiba. Anataka jina litoke, namba ibaki. Nikamuuliza, "Mwalimu, kwani namba si ya huyohuyo?" Akasema, "Namba ni ya klabu, Fundi. Jina ndilo lake." Nikamwonya kama ninavyowaonya wote, kwamba herufi zitang'oka lakini kivuli chake kitabaki, maana kitambaa kilichokuwa chini hakikupigwa jua. Akafikiri, kisha akasema basi atakuwa anavaa koti juu.

Akafuata dereva wa lori. Huyu alitaka nishone kitambaa juu ya jina, kwa uzi mwepesi. "Rufaa ikipita, nafumua," akasema. Nikamuuliza, "Na isipopita?" Akajibu, "Nitakuwa nimeshakizoea kitambaa." Nilicheka mpaka uzi ukanikatikia.

Mama mmoja muuza mitumba aliniletea jezi ya mumewe bila mumewe kujua, nikaling'oa jina. Saa 9 mume akaja nayo mbiombio, nilirudishe. Nikalirudisha. Kabla sijafunga duka mama huyo akarudi tena nayo. Nikamwambia, "Jamani, hii ni jezi, si mlango." Mwisho walikuja wote wawili, hawasemezani, wakaniachia. Mpaka leo iko kwenye rafu yangu.

Aliyenishangaza zaidi ni kinyozi, ambaye chumba chake kimepakana na changu. Miaka yote hakuwahi kuwa na jezi ya Mkasi. Jumatatu hiyo ndiyo akaja kubandika jina. Nikamuuliza, "Leo? Kwa nini leo?"

"Kwa sababu leo ndiyo wanamkimbia."

"Na yule dada aliyevunjwa taya?"

"Nani alikuwepo, Fundi? Walikuwa wawili chumbani. Labda kateleza bafuni."

Nikamwambia hakimu alisoma ripoti ya daktari. Akasema daktari huyo anashabikia wapinzani wetu. Nikamuuliza amejuaje, akasema inaonekana tu. Kinyozi si mtu mbaya, Afande. Mwaka jana nilipolazwa yeye ndiye aliyenifungulia na kunifungia duka wiki nzima. Ndiyo maana nilitaka hasa kujua kichwani mwake mna nini. Sikupata jibu, na jina nilimbandikia.

Afande ameangalia saa. Nakuja kwenye tukio.

Kaka yangu ni fundi bomba, na ni mwenyekiti wa tawi letu la mashabiki. Wengi wamesahau hata jina lake, wanamwita Mwenyekiti tu. Tawi hukutana kwenye ua ulio nyuma ya duka langu. Tuna desturi yetu: kila mechi, ikifika dakika ya 17, tawi zima husimama na kumwimba Mkasi, na nesi wa hospitali ya wilaya ndiye anayeanzisha kwa tarumbeta. Jumatatu hiyohiyo saa 11 jioni walikaa kikao kuamua kama wimbo uendelee. Nilisikia yote kwa sababu nilisogeza kiti dirishani.

Waliamua uendelee. Nesi akasema yeye hatapuliza. Alisema, "Mimi nimesaidia kufunga taya za watu kwa waya. Najua yule dada anakula nini saa hizi. Anakunywa uji kwa mrija." Halafu kaka akasema, "Nesi, hapa tunaongea mpira, siyo wodi." Watu wakapiga makofi. Wengine hawakupiga, nao niliwaona. Nesi akachukua mkoba wake akaondoka.

Mnamo Jumanne tarehe 10, saa 7:20 mchana, nesi alikuja dukani akiwa na sare za kazi, kwenye mapumziko yake ya mchana. Alinipa jezi yake na kusema, "Fundi, nitolee huyu mtu mgongoni." Mashine ilikuwa imeshapata moto, kipimo kinasoma nyuzi 150. Mashine yenyewe iko hivi: chini kuna kitanda unapotandaza jezi, juu kuna bamba la moto, na pembeni kuna mpini mrefu wa kulishusha na kuliinua bamba. Nilitandaza jezi, nikashusha, nikainua, nikaanza kung'oa herufi kwa kibanio zikiwa bado za moto. Nilikuwa nimeshatoa M na K.

Hapo ndipo kaka akaingia, nyuma yake kinyozi na mwanachama mmoja tunayemwita Filimbi. Nadhani kinyozi ndiye aliyemwita, ila hilo sikuliona kwa macho. Kaka akaniambia, "Wewe mdogo wangu, nani kakutuma uvunje tawi?"

Nikasema, "Nimetoa herufi mbili tu, kaka. Tawi silijui limeingiaje."

"Hakuna jina la Mkasi litakalotoka tena kwenye mashine hii."

Nesi akamwambia kwa upole kabisa, "Mwenyekiti, jezi ni yangu. Hata nikiifanya tambara la kupigia deki."

Kaka akanisukuma kwa kiwiko, akasimama mbele ya mashine, akasema, "Basi naligandisha hapahapa." Nesi akanyoosha mkono wa kulia aichukue jezi yake. Mkono ulishaingia mpaka kifundoni. Kaka akashusha mpini.

Hapa naomba iandikwe vizuri. Bamba likigusa kitanda, mashine inaanza kuhesabu yenyewe, kutoka 15 kurudi chini mpaka sifuri, kisha inalia. Kazi hii nina miaka kumi na moja nayo, na macho yangu yameshazoea kwenda kwenye zile tarakimu hata nikiwa naongea na mteja. Yalikwenda. Nilipiga kelele, "Mkono! Kaka, mkono!" Kaka alikuwa ameshika mpini kwa mikono miwili. Hakuinua. Nilimsukuma kwa bega, nikainua mwenyewe. Ilisoma 11.

Nesi hakulia. Mgongo wa mkono wake ulikuwa umegeuka mweupe, na herufi A ilikuwa imemgandia juu ya kidole gumba. Alisema, "Maji ya bomba. Siyo barafu," anajihudumia mwenyewe.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza kaka chochote. Akasema, "Kauweka mwenyewe." Kinyozi akasema, "Mashine imeanguka." Filimbi akaongezea kuwa mashine yenyewe ni ya siku nyingi. Nilimpakia nesi kwenye pikipiki nikampeleka hospitalini kwake, na wenzake ndio waliompokea. Mpaka jana vidole vitatu havijikunji. Ni mkono anaotafutia mishipa ya wagonjwa. Wa kupulizia tarumbeta pia ni huohuo.

Jumatano polisi waliichukua mashine kama kielelezo. Nasema kama mwenye mashine: mpini ule hauanguki. Springi inauvuta juu muda wote, na kuushusha lazima uuegemee. Springi niliibadilisha mwezi wa kwanza, risiti nimemkabidhi Afande.

Jana Alhamisi saa 4 asubuhi walikuja dukani kinyozi, Filimbi na wanachama wengine watano. Nilidhani wamekuja kunitisha. Kumbe wanauliza mashine inarudi lini. Wanataka jezi thelathini zenye neno MWENYEKITI mgongoni, wazivae Jumamosi kuonyesha wako naye. Niliwatazama mmoja mmoja nione kama kuna anayecheka. Hakuna. Nikawauliza, "Mnajua lakini kwamba mnaongea na shahidi?"

Filimbi akasema, "Wewe siyo shahidi, Fundi. Wewe ni dada yake."

Nikamgeukia kinyozi. "Wewe ulikuwepo. Uliona nini?"

"Mashine iliteleza."

"Juzi ulisema imeanguka. Na safari hii hatukuwa wawili chumbani, tulikuwa watano."

Alianza kuokota nyuzi zilizoshika kwenye suruali yake, moja moja, mpaka wenzake wakaondoka naye. Naona aibu kusema, lakini nilimhurumia.

Jana hiyohiyo saa 12 jioni alikuja mama. Kaka yuko nje kwa dhamana na amekatazwa kuongea na mimi, kwa hiyo nilijua aliyemtuma. Mama hakuzunguka. Alisema, "Mwanangu, mashine haifungwi jela. Kaka yako anafungwa. Sema springi ilikuwa mbovu, yaishe."

Nikamuuliza, "Na mkono wa nesi, mama?"

"Utapona."

"Ungekuwa wangu?"

Akalia. Mimi nami nikalia, tukakaa hivyo, hakuna aliyembembeleza mwenzake. Baba alipotuacha mimi nikiwa mdogo, kaka ndiye aliyenifundisha kusoma. Hatukuwa na vitabu, kwa hiyo aliniandikia majina ya wachezaji ukutani kwa mkaa, nikawa nayasoma kwa sauti mpaka nikayajua. Hata kazi hii ninayokula ilitoka pale. Nampenda. Nampenda hata sasa ninapokaa kwenye kiti hiki, na naomba hilo nalo liandikwe.

Afande ameniuliza swali moja la mwisho: je, inawezekana kaka hakuuona mkono?

Swali hilo nimelala nalo na kuamka nalo tangu Jumanne. Nilitamani mno jibu liwe ndiyo. Alipokuwa anashusha, inawezekana. Alikuwa ananitazama mimi, amekasirika. Lakini nilipopiga kelele aliangalia chini. Aliuona mkono. Akaninyanyulia macho, na mpini akauegemea zaidi. Kutoka 15 mpaka 11 ni sekunde nne. Ya kwanza namwachia, nasema hakujua. Zile tatu alijua.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, na popote nitakapoitwa nitayasema hivihivi.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa sauti, naye amekiri ni sahihi. Hakubadilisha neno. Kabla ya kutia sahihi aliuliza kama mtuhumiwa ataonyeshwa maelezo haya. Nilimjibu kwamba kisheria atapewa nakala. Akaomba nimwonyeshe sehemu aliyosema anampenda, aone kama kweli nimeiandika. Nilimwonyesha. Aliisoma mara mbili akiifuata kwa kidole, akatia sahihi saa 5:25 asubuhi.