Chumba cha Tatu Kushoto

Bweni la Wasichana, Chumba Na. 14,
Chuo cha Usanifu Majengo.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kaka Mrefu,

Pokea salamu za mdogo wako asiyeishiwa maneno. Hujambo huko? Kifua kimepona? Nasikia baridi imezidi, na wewe kuvaa koti unaona kama adhabu. Mimi mwili ni mzima, ila moyo haujatulia tangu Ijumaa, kwa hiyo uuvumilie mwandiko.

Nilikuambia kwamba muhula huu tunasanifu shule ya chekechea. Mhadhiri wetu, mama mmoja asiye na mzaha, hataki mtu achore kutoka hewani. Kila mwanafunzi abandike ukutani vitu viwili vya kujifunzia, jengo moja la zamani na kazi moja ya sanaa, kisha aeleze amechota nini humo. Bibi angetukumbusha kwamba mwiga tembo hupasuka msamba. Mimi nilijiona nimeiga kwa akili.

Jengo nililipata maktaba: fotokopi ya ramani kuukuu, imekatwa pembeni, haina jina. Vyumba safu mbili, ua katikati, madirisha juu kabisa karibu na dari, na mahali pamoja ambapo mtu akisimama anaona milango yote. Nikasema hapo atakaa mwalimu. Kwa upande wa sanaa nilichukua kile kipicha alichochora Baba, cha juu ya kabati, mraba wa njano kwenye rangi ya kijivu. Niliviweka pamoja kwa kuwa vilipatana tu. Mhadhiri akanisifu mbele ya darasa zima, na kichwa kikavimba.

Ijumaa wazazi walialikwa kuona kazi zetu. Baba alitoka kazini moja kwa moja, rangi za mabango bado ziko kwenye kucha. Akapita akikosoa herufi za wenzangu, unamjua. Alipofika kwangu akasimama. Aliinamia jengo langu dogo la kadibodi, akaweka kidole kwenye chumba cha tatu kushoto.

"Humu nililala miaka miwili," akasema. "Tulikuwa kumi na mmoja. Jua lilikuwa linaingia saa nne, linakaa ukutani kidogo, linaondoka."

Kaka, nilipigwa na butwaa. Nilikuwa nimewajengea watoto wadogo gereza, tena kando yake nimebandika kwa gundi ule mraba wa njano, kumbe ndilo jua lile la Baba. Ile miaka tuliyoambiwa amekwenda kuchora mabango mji wa mbali, kumbe, alivyonieleza mwenyewe, alifungwa kwa kuwaandikia mabango wafanyakazi waliogoma. Nilitaka kuvunja kila kitu pale pale. Baba akanishika mkono, akaomba penseli, akayashusha madirisha yangu yote kwenye mchoro wa kuta, moja baada ya jingine. Akamwambia mhadhiri kwamba mtoto lazima amwone anayepita nje. Yule mama, ambaye hutukatiza hata tukikohoa, akachukua daftari akayaandika maneno hayo.

Nilipomsindikiza kituoni aliniomba jambo moja tu. "Kaka yako asijue. Atanionea aibu." Nikaapa.

Jana nikaenda nyumbani kumbana Mama, na hapo nikashtuka mara ya pili. Anasema wewe unajua tangu una miaka tisa. Anasema mlikuwa mkipeleka sabuni wote wawili, yeye akiingia, wewe ukingoja nje ya ukuta kwa kuwa watoto hawakuruhusiwa, na kwamba uliapa Baba asijue ulifika pale, asije akafedheheka. Miaka kumi na saba mnafichana kitu kimoja, na mimi katikati nikidhani hampendani. Nimekusema vibaya sana kwa zile simu zako za dakika mbili. Unisamehe.

Mama anakusalimu, na Shangazi mshonaji anauliza kama bado unakonda. Msalimie wifi yangu na umbusu mtoto. Mungu akufunike huko uliko.

Kiapo changu nimekivunja kwa barua hii, wala sijuti. Chako kivunje wewe. Mpigie Baba, umwambie ulikuwa nje ya ukuta ule na sabuni mkononi, na hukumwonea aibu hata siku moja.

Akupendaye hata ukinuna,
Kitindamimba wenu.