Maandishi Chini ya Buti za Wade

Jolene, soma hii sasa hivi.

Mdogo wangu Wade katuma picha yuko kwenye helikopta ya jeshi, anacheka: "Dada, nakanyaga kazi ya mikono yako! Risasi haipiti hapa!"

Nikatazama buti zake. Chini yake, kwenye mabamba ya sakafu ya kuzuia risasi, naona maandishi ya kiwandani kwetu: UPANDE WA RISASI.

Yanasomeka, Jolene! Upande huo ni wa kauri, ndio unaovunja risasi, unatakiwa utazame chini. Nyuzi za upande wa pili zinadaka vipande tu. Mafundi wa jeshi wamelaza mabamba kichwa chini ili maandishi yasomeke. Yasomeke!

Nikampigia bosi. "Tulia, Marlys. Leo Ijumaa, watu wametoka. Jumatatu tutawaandikia."

Jumatatu!

Nimemwandikia Wade: usiruke, geuzeni mabamba ya sakafu.

Tiki moja.

Bado tiki moja. Na kwenye ile picha, mapanga ya helikopta yalishaanza kuzunguka.