Shemeji, Michikichi Bado ni ya Zaina

Shemeji Ramazani,

Sikuulizi hali, maana huko uliko hakuna anayekuja kula kwako, kwa hiyo najua unalala vizuri. Nakuletea furaha. Zaina, dada yangu na mke wako, amepona. Nimetoka kwake sasa hivi, nimemwacha anatwanga chikichi huku akiwagombeza wajukuu. Michikichi yako yote ipo, hakuna hata mmoja uliokwenda mikononi mwa mtu. Tumeshinda, shemeji! Narudia kwa makusudi: tumeshinda. Ulipokuwa hai ulikuwa na tabia ya kujifanya hukusikia kila niliposema jambo la kweli.

Mkanda wako wa jeshi sijausahau. Ulianza mgongoni kwa malengelenge, ukazunguka mbavu, ukafika chini ya titi la kushoto. Sisi wote tuliamini kwamba ncha zake mbili zikikutana mtu anakufa, ndiyo maana mganga alikupima kila asubuhi kwa kamba ya ukindu, na kila nafasi ilipopungua ada yake ilipanda. Lakini mganga hakuimaliza nyumba peke yake. Walioimaliza ni wageni. Mzee akiugua, ukoo mzima huja kukaa naye mpaka atoke nje kwa miguu yake, na jiko lake haliruhusiwi kupoa, kwa sababu likipoa watu watasema wenye nyumba wameshamzika moyoni. Wakaja wa Nyangwe, wakaja wa Kabambare, wakaja hata wale ambao hatukujua ni ndugu wa nani. Wakala mbuzi, wakala kuku, wakala mpunga wa mbegu. Binti yako alipika kutwa, shamba lake la pamba ya lazima likaota nyasi, na mkaguzi wa serikali alipolikuta hivyo akamfunga mume wake. Siku moja ulinivuta karibu na mdomo wako: "Shemeji, hawa watu wamekuja kuniona ao kunikula?" Tulicheka mpaka ukatokwa machozi, maana kucheka kulikuchoma mbavu.

Mkanda ukakauka bila ncha kukutana. Maumivu ndiyo hayakutoka. Hata shati hukuweza kulivaa, ukawa unakaa kifua wazi kwenye baridi, na ghala halikuwa na kitu cha kukurudishia nguvu. Mvua zilipoisha nawe ukaisha. Mazikoni nilikuwa na hasira, nayo ilinisaidia nisilie mbele ya watu. Nililia nyumbani. Nakukumbuka sana, shemeji, hakuna anayenitukana vizuri kama wewe.

Baada yako mkanda uliingia nyumba nyingi. Kijiji chetu sasa ni cha wazee watupu. Vijana wamekwenda kuchimba dhahabu upande wa Salamabila, wengine wako kwenye njia ya reli, na waliobaki hapa wana magoti yanayolia wakisimama. Mkanda nao unapenda ngozi ya mzee. Ulimshika mhunzi, ukamshika mama mfinyanzi, na kila nyumba ulikopita wagonjwa walipona, nyumba ikabaki mifupa.

Kisha ukamshika Zaina. Aliinua kitambaa akanionyesha ubavu, nikainama kutazama ncha zimefika wapi. Yeye hakuzungumzia kifo. Alisema: "Kaka, usiite watu. Michikichi itaenda." Alikuwa amehesabu mapema kuliko mimi. Baada ya mbuzi na mpunga, kitu pekee ulichomwachia ni ile michikichi, na anayeisemea kwa niaba ya ukoo ni kaka yako Sefu wa Nyangwe. Naye alikuwa ameshasema mbele ya watu kwamba mjane akiugua, michikichi itawekwa rehani ili wageni wa ukoo wasilale njaa.

Wageni huwezi kuwazuia, unajua. Habari ya mgonjwa haifungiwi mlango. Basi nilichofanya ni hiki: nilikusanya majembe yangu yote, nikaazima ya mhunzi, nikakaa nayo kwenye njia ya kuingilia uani. Kila aliyekuja kusema pole nilimpokea vizuri, nikamkaribisha, nikampa jembe. Pole ya hapa ni mstari mmoja wa palizi, ao mtungi wa maji, na chakula chako unatoka nacho kwako.

Shemeji, nilitukanwa! Mke wangu aliacha kunisemesha. Sefu alikuja na wake zake na mikeka yao, akaliangalia jembe kama nimempa nyoka. "Mutu iko naungua ndani, na weye unatupa majembe?" Nikamjibu: "Kaka, mugonjwa hapa iko mumoja tu. Weye uko muzima." Akageuka hapo hapo. Njia nzima ya kwenda Nyangwe alinitangaza kuwa mimi ndiye mtu aliyeona aibu ya kuwa na adabu. Na nilikuwa na hofu, sikufichi. Kama Zaina angekufa, ningebaki kwenye midomo ya watu kuwa nilimwua dada yangu kwa ubahili.

Lakini wazee wenzetu walielewa. Mama mfinyanzi alikuwa wa kwanza kulichukua jembe, huku akicheka. Mmoja akachemsha maji ya kumwosha, mwingine akawa anababua jani la mgomba motoni, analipoza, kisha analitandika ubavuni ili nguo isiguse vidonda. Wengine wakaingia kwenye pamba ya binti yako, na mkaguzi alipopita safari hii hakumfunga mtu. Tulipotaka kumpeleka zahanati ya Kasongo, vijana wa kubeba kipoyi, machela yetu ya miti, hawakuwepo. Tukabeba wenyewe! Wazee wenye mvi, tunapumzika kila kijito, Zaina juu yetu anatuambia tunatikisa vibaya. Munganga wa zahanati alimtazama, akampa unga mweupe wa kupaka, akasema maneno niliyotamani uyasikie: "Ncha hazikutane, mama. Huu mukanda unakaa upande mumoja tu. Ule, ulale, usiguswe na moto."

Aliumwa sana baadaye, sitakudanganya. Kuna asubuhi alilia kwa sababu upepo ulimpiga ubavuni. Ila alilia akiwa ameshiba, ghala likiwa na mpunga, na michikichi ikiwa bado imesimama nyuma ya nyumba.

Sasa sikia raha yenyewe. Mvua zilizofuata mkanda ulimshika Sefu, tena usoni, karibu na jicho. Ua wake kule Nyangwe ukajaa watu, samaki wake wakaliwa mpaka mitego yote ikawa ya wageni. Akatuma mtu kwangu. Hakuomba mbuzi. Ujumbe wake ulikuwa huu tu: "Mumwambie mwenye majembe akuje." Nilikwenda na Zaina na mama mfinyanzi, tumebeba majembe mabegani, tumeingia uani kama wenye sherehe. Wageni walikuwa katikati ya ugali. Sefu akajiinua kwenye mkeka, jicho limefumba, akasema: "Uwape." Nikawapa, shemeji, mmoja mmoja, kwa tabasamu! Waliobaki walifanya kazi, na walioondoka hatukuwaita.

Alipoweza kukaa, alimwita Zaina mbele ya watu wa ukoo akamwambia michikichi ni yake mpaka siku yake ya mwisho, na baada yake ni ya binti yenu. Zaina hakumshukuru. Alimuuliza tu kama amekula.

Basi na mimi nikuambie yangu. Tangu wiki iliyopita mgongo wangu unaniwasha na kuchoma, na juzi malengelenge yalitoka. Nilikaa kitandani nikiwaza ghala langu, kwa kuwa hofu haisikii hoja. Halafu nikasikia vyuma vinagonga udongo. Nikatoka polepole mpaka mlangoni. Shamba langu la karanga lilikuwa limejaa watu, mhunzi, mama mfinyanzi, hata wanaotoka Nyangwe, wote wameinama, na kwenye jiko langu mke wangu alikuwa amekaa mikono mitupu, hana wa kumpikia ila mimi.

Lala salama, shemeji yangu. Nakuahidi kumtunza Zaina muda wote nitakaokuwa na pumzi. Na siku nitakapokufuata, kwa mkanda huu ao kwa jambo jingine, nitakuja peke yangu. Ghala nitaliacha limejaa.

Shemeji yako.