Mshumaa wa Mzunguko wa Tatu

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na kile kifaa cha sikio hujakitupa tena kwenye droo ya vijiko. Huku hatujambo. Mvua imenyesha wiki nzima na gari langu limeanza tena kukohoa asubuhi, lakini linanifikisha. Mjukuu wako Kelsey ni mzima naye anakusalimu, au angekusalimu kama angejua ninakuandikia. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu hatusikilizani, na mwisho wake huwa unanikubalia mambo ambayo hujayasikia.

Najua Mama Mdogo Verna ameshapita hapo nyumbani kukuambia kwamba naolewa na Hoyt wa duka la matairi. Mama, siolewi. Hoyt mwenyewe hana habari. Jana nilimpelekea gurudumu la kuziba, akanipa hongera, kisha akaniuliza bwana harusi ni nani. Kwa hiyo kama umeshaanza kufikiria keki, acha kwanza. Nitakueleza ilivyokuwa, ingawa mimi mwenyewe bado sijaielewa vizuri.

Nilipokuambia kwamba nimemaliza miaka miwili ya chuo kidogo na kuhamia chuo kikuu anachosoma Kelsey, ulifurahi, ukasema tutapeana lifti. Kuna jambo sikukuambia. Nimejiunga na chama cha kina dada, wale wasichana wa chuo wanaoapishana kuwa ndugu na kuishi nyumba moja, kilekile cha Kelsey, wale wenye nyumba ya nguzo nyeupe. Naomba ucheke kwanza, halafu uendelee kusoma. Mimi pia nilicheka. Mwezi wa kwanza wote nilikula chakula cha mchana ndani ya gari, mkate na jibini, nikisikiliza redio, kwa sababu kila meza niliyokaa watoto walinyamaza wakidhani mimi ni mwalimu. Aliyenitoa humo garini ni Ainsley, msichana wa miaka kumi na tisa ambaye tunapasua naye paka kwenye maabara. Alisema kanuni zao hazina neno lolote kuhusu umri. Alisema pia kwamba mtu anayeweza kushika figo ya paka huku anakula biskuti anahitajika mno kwenye ile nyumba.

Nikaenda siku za kutembelea nyumba, karatasi ya jina imebandikwa kifuani. Mzazi mmoja aliniuliza choo kiko wapi, mwingine akaniomba nimwangalizie binti yake asilale na madirisha wazi. Walidhani mimi ndiye yule mama anayelipwa kuwatunza. Kelsey nilimwuliza kabla sijajibu chochote, maana nyumba ni yake, alinitangulia. Akasema, “Mama, ukitaka kuingia, ingia. Ila humo ndani usinifulie nguo.” Nikaichukua hiyo kuwa ruhusa. Hadi leo sijui kama ilikuwa ruhusa.

Wana desturi ya kumpa kila mgeni dada mkubwa. Wiki nzima unawekewa zawadi mlangoni bila jina, mimi nikawekewa mto, kikombe, na pipi za kumtosha farasi. Siku ya mwisho unashikishwa ncha ya uzi, unaufuata nyumba nzima, chini ya meza, juu ya ngazi, hadi umkute aliyeshika ncha ya pili. Nilimkuta Ainsley analia kwa furaha, akanikumbatia akaniita mdogo wake. Sasa sikiliza, Mama. Dada mkubwa wa Ainsley ni Kelsey. Kwa hesabu ya ukoo wao, binti yangu ni bibi yangu. Wasichana waliliona jambo hilo tamu kupita kiasi, wakawa wanamwambia Kelsey, “Bibi, mjukuu wako amekuja na maharage ya kuoka.” Kelsey alicheka nao. Mimi nilicheka pia, nikaenda kuosha bakuli, halafu nikakumbuka kwamba sitakiwi kuosha chochote.

Jumapili hii ndiyo ninaapishwa. Mwenye ndugu ndani ya chama hubandikwa beji na ndugu yake, kwa hiyo ni Kelsey anayetakiwa kunibandika yangu. Shika hilo, maana ndilo linaloninyima raha.

Jumatatu, baada ya chakula cha jioni, Brooke, ambaye ni mwenyekiti wao, alifunga mapazia na kutangaza kwamba kuna mshumaa. Nyumba nzima ikapiga kelele. Sikujua ni nini, Ainsley akaninong'oneza. Mmoja wao ana habari, na hajamwambia mtu ila mwenyekiti. Wanasimama duara, taa zinazimwa, mshumaa unapita mkono kwa mkono huku wakiimba polepole. Mzunguko wa kwanza ni wa urafiki tu. Wa pili, kijana amempa kidani chenye herufi za chama chake cha wavulana. Wa tatu ni uchumba. Mwenye habari anangoja mzunguko wake, na mshumaa ukimfikia anaupuliza. Safari hii pete yenyewe ilikuwa imefungwa kwa utepe kwenye kitako cha mshumaa. Kelsey alikuwa amesimama kushoto kwangu, na mshumaa ulikuwa unakwenda kushoto.

Mzunguko wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita, wakaanza kufinyana. Katika mzunguko wa tatu ulinifikia mimi, nikaupuliza.

Mama, sijawahi kusikia kelele za namna ile. Walinirukia wote. Nilijaribu kusema nta ilinichoma, kwamba miaka yangu yote ya kazi kwenye nyumba ya wazee, kati ya mitungi ya oksijeni, imenifundisha kuzima moto kabla ya kufikiri, lakini nani alikuwa anasikia. Kabla sijamaliza pete ilikuwa imesukumwa kidoleni kwangu, ikapita kifundo na kukwama. Wakapiga picha. Wakauliza ni nani, ndipo mmoja akakumbuka kwamba Hoyt alinileta chuoni siku gari lilipokufa. Mjukuu wa Verna akaiona picha. Mengine unayajua. Baadaye walielewa kwamba nilikosea, wakanisamehe kwa vicheko, na sasa kila nikiingia jikoni kuna mtu anafunika jiko la gesi ili nisilipulize.

Hayo ndiyo niliyowaambia wao. Wewe siwezi kukuambia hayo nikaishia hapo, kwa sababu nta haikunichoma.

Pete niliitambua mzunguko wa pili. Ina jiwe dogo la buluu, na kijino kimoja kati ya vile vinavyolishika jiwe kimepinda. Niliiona wakati wa Pasaka kwenye kidole cha mama yake Tucker, yule kijana wa Kelsey, akaniambia ilikuwa ya mama mkwe wake. Nilijua ni mshumaa wa nani. Kelsey alikuwa ameshika mkono wangu na kiganja chake kilikuwa kimelowa. Mshumaa uliponijia mara ya tatu nilimtazama, naye alikuwa anautazama kama alivyokuwa akiitazama sindano ya chanjo alipokuwa mdogo, amebana midomo, amejitayarisha kutolia. Ana miaka ishirini. Mwaka mmoja zaidi ya niliokuwa nao mimi nilipoacha chuo nikaolewa na Randy. Nilipuliza. Naweza kukuambia sikufikiri, lakini nadhani nilifikiri, upesi tu.

Pete ilitoka kwa sabuni ya vyombo. Wengine walikuwa bado wanacheka sebuleni, na Kelsey alinisimamisha kwenye sinki, akawa anaizungusha kwenye kidole changu taratibu bila kuniangalia. Nikamwambia samahani. Akasema, “Nilikuwa nauacha unipite, Mama.” Sikuelewa, akanieleza. Alimwambia Brooke habari za uchumba wake Jumapili, na Jumatatu asubuhi akawa ameshajuta, lakini mshumaa ukishaombwa haurudishwi. Alikusudia uzunguke umpite, urudi kwa Brooke haujazimwa, watu waulizane hadi wachoke. “Sasa sitajua kama ningeweza,” akasema. “Labda ningeupuliza. Umenipokonya hata hilo.”

Nilimwuliza kama amekasirika. Akasema inategemea nani alipuliza, mama au dada. Kama ni dada, wameapa kusameheana, atanisamehe. Kama ni mama, itabidi afikirie. Nikafungua bomba, nikasuuza povu mkononi. Nilichokiona ni kwamba aliisuuza ile pete, akaikausha na kitambaa, halafu hakuivaa. Aliitia mfukoni mwa suruali. Sijui amemrudishia Tucker au bado anatembea nayo. Tangu siku hiyo ananisalimia vizuri, ananipitishia chumvi mezani, na kuhusu Jumapili hajasema atanibandika beji wala hatanibandika. Ainsley amesema akikataa atanibandika yeye. Nilimshukuru, nikaenda kulia garini.

Naogopa nimempoteza, Mama, kwa kitendo kilekile nilichodhani kinamwokoa. Na sina wa kumwuliza ila wewe, kwa sababu siku ile nilipoingia jikoni kwako nikakuambia naacha chuo naolewa na Randy, ulikuwa unamenya viazi. Hukugeuka. Uliniuliza harusi ni mwezi gani, basi. Miaka yote hii niliamini kwamba hukujali, na ndoa ilipovunjika nilikuwa nikijiambia kwamba kama ungesema neno moja tu ningebaki chuoni. Sijawahi kukutamkia, lakini nadhani uliliona usoni mwangu kila Krismasi.

Jumatatu nikiwa kwenye sinki, Kelsey anazungusha ile pete, nikakumbuka viazi. Baada ya siku ile tulikula viazi wiki nzima, vya kuponda, vya kukaanga, vya kuoka, hadi Baba akauliza kama tumefungua hoteli. Wala sikuwahi kujiuliza kwa nini. Tulikuwa watu wanne nyumbani, Mama, na wewe ulimenya mfuko mzima.

Nisalimie Mama Mdogo Verna na umwambie hakuna harusi, ila keki ataletewa. Jiangalie goti kwenye zile ngazi za nyuma. Na kama utapata nafasi ya kunijibu kabla ya Jumapili, usihangaike kuniambia kama nilifanya vizuri au vibaya. Niandikie tu uliwezaje kutogeuka.

Ni mimi binti yako, ambaye sasa ana wadogo na wakubwa sitini asiowajua vizuri,

Rhonda