Mkono Uliozungusha Simu ya Upepo

Kambi ya Simu, Eldoret
Jumapili, baada ya ibada

Mke wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku juu kwenye baridi. Mimi mzima, isipokuwa mabega, na mabega ya mchimba mashimo hakuna anayeyauliza hali. Wewe je? Miguu imeacha kuvimba? Unakula? Mgeni wetu ananyonya vizuri? Na mama, kile kikohozi chake kimepungua? Mwalimu, wewe unayemsomea mke wangu barua hii, nakusalimu kwa heshima. Soma yote, hata pale nitakapoonekana mjinga. Ila ukifika kwenye habari ya suruali ushushe sauti, maana mama mkwe wangu huenda amekaa karibu.

Nataka nikueleze jinsi ile mashine mliyoiona ikishushwa kisiwani ilivyotoka huku. Ninyi mliuona upande wenu na mimi niliuona wangu. Mpaka leo kuna mambo siyaelewi, na mengine ni wewe peke yako unayeweza kunijibu.

Habari ya dhoruba ilitukuta upande wa Yamumbi, tukichimba mashimo ya nguzo kwenye shamba la Kaburu mmoja. Dereva wa lori alifika na nguzo, akasema bila hata kushuka, "Ziwa limeamka huko chini. Kile kisiwa chenye dispensari, hakuna nyumba yenye paa."

Nikamuuliza, "Na watu?"

"Watu nitajuaje? Mlingoti wa simu yao umeanguka, mashine imeingia maji, na maboti hayavuki. Hakuna anayejua kitu."

Mke wangu, nilikuacha na tumbo. Kwa hesabu yangu siku zako za kujifungua zilikuwa hazijafika. Tangu saa ile kila udongo niliotupa kwa koleo niliutupa na swali moja tu: yuko hai, au hayuko? Nikaamua kutoroka. Unajua mkataba wetu ulivyo. Kipande changu, ile karatasi ya kunitambulisha kwa askari, kiko kwa bwana, na nikishikwa barabarani bila ruhusa ni jela. Nilisema afadhali jela nikijua kuliko kambi nisipojua. Nikaanza kuweka viazi vya kuchoma kwenye mfuko wa gunia, vya kula njiani.

Kabla sijaondoka, nyapara wetu, Arap Bett, alikuja kambini asubuhi akiita, "Mtu wa ziwa yuko wapi?"

"Niko hapa, mzee."

"Unaweza kubeba kitu cha maji bila kumwaga?"

"Kwetu maji hubebwa na wanawake, mzee."

Wenzangu wakacheka. Arap Bett hakucheka. "Basi leo wewe mwanamke. Twende stesheni."

Kumbe kwenye stoo ya watu wa serikali wanaoua nzige hapa Eldoret kulikuwa na mashine mbili za jeshi, zilizobaki tangu vita. Ni pacha. Moja ikiongea hapa, nyingine inasikia kule, bila waya wowote katikati. Serikali iliona moja ipelekwe kisiwani na ya pili ibaki hapa, ili habari zitoke. Watu wanaziita simu ya upepo. Mwenzangu mmoja alipoona tunaibeba akasema, "Upepo umevunja nyumba, sasa tunawapelekea upepo mwingine!" Mimi sikuweza kucheka.

Ilikuwa sanduku la chuma la kijani, vipande vya mlingoti vilivyofungwa kama kuni, mabunda ya waya, na betri. Hizo betri ndizo zilizotutoa jasho. Bwana fundi, yule mzungu mliyemwona huko kisiwani, alisema zisilale wala zisiinamishwe, maana ndani yake kuna maji makali. Ndiyo sababu tulihitajika sisi vibarua. Tulikaa ndani ya behewa la mizigo, kila mtu na betri yake katikati ya miguu, tukiishika kama mtu anayemshika mbuzi wa kupelekwa mnadani. Treni ikipinda kushoto, sisi tunaegemea kulia.

Tulipopita Timboroa mawingu yaliingia ndani ya behewa. Simaanishi yalikuwa juu yetu. Yaliingia mlangoni kama moshi na kukaa na sisi. Mbele kidogo treni ikasimama. Mvua ilikuwa imekula udongo chini ya reli, na vyuma vilikuwa vinaning'inia. Ng'ambo ya bonde hilo dogo treni nyingine ilikuwa imepanda kutoka Nakuru ikatungoja. Basi tukavusha kila kitu kwa mabega, juu ya mbao zilizotandikwa kwenye matope. Mimi niliteleza. Nikaikumbatia betri tumboni nisiiache ianguke, na maji yake yakanimwagikia kidogo. Nikajifuta kwa majani, nikaendelea.

Tulipomaliza kupakia nilimwendea bwana fundi. Nikavua kofia. Nikamwambia mimi ni mtu wa kisiwa kile, najua kuvuka, najua mahali penye miamba, anichukue.

Akaniuliza, "Una nani kule?"

"Mke wangu, bwana. Ni mjamzito."

Akasema boti litamchukua yeye, msaidizi wake na masanduku basi, na ukiongeza mtu mmoja utapunguza betri moja. Sikumchukia. Nilizibeba hizo betri mwenyewe, nilijua uzito wake. Treni ikateremka nazo kwenda kwetu, na mimi nikarudishwa Eldoret.

Sasa Mwalimu, shusha sauti. Kesho yake asubuhi tulikuwa tumesimama mstari tukihesabiwa. Nilikuwa nimevaa ile suruali ya kaki ninayoiweka kwa siku ya kuja nyumbani, maana ile ya kazi ilikuwa mbichi, na hiyo ya kaki ndiyo niliyokuwa nimesafiri nayo. Nikainama kuchukua koleo. Suruali ikafunguka mbele yote, bila sauti, kama karatasi iliyolowa. Yale maji ya betri yalikuwa yameila usiku kucha, mimi sijui. Arap Bett akasema, "Haya! Sasa tumejua wewe si mwanamke." Mpaka leo wananiamkia hivyo.

Lakini nadhani suruali hiyo ndiyo iliyonipatia kazi nyingine. Karani wa mashine iliyobaki, kijana wa Kibukusu anayeitwa Wekesa, aliomba mtu wa mikono yenye nguvu, na Arap Bett akasema, "Chukua huyu, hana suruali ya kwenda nayo shamba." Nikapelekwa uani nyuma ya posta, nimejifunga gunia. Kazi ilikuwa hivi: kuna chombo chenye mikono miwili ya kuzungusha, kama pedali za baiskeli. Nikizungusha, mashine inapata nguvu na Wekesa anagonga maneno yake kwa milio mifupi na mirefu. Nikiacha, inakufa. Kusikiliza haihitaji mkono. Kusema ndiyo inahitaji.

Nilimsumbua sana yule kijana kwa maswali. Nilimuuliza, "Karani, upepo ukivuma kutoka ziwani, maneno yetu hayachelewi?"

"Hayapiti kwenye upepo."

"Mbona inaitwa simu ya upepo?"

Akavaa vyombo vyake vya masikioni. "Wewe zungusha tu, mzee."

Na mimi nikazungusha. Ila niliendelea kujiuliza mwenyewe. Mimi nimekula ugali na maharagwe asubuhi. Ugali umeingia mkononi, mkono umeingia kwenye chuma, chuma kimeingia kwenye waya, na kutoka kwenye waya unakwenda hewani mpaka juu ya paa lako, kama unalo paa. Unafikaje bila kupotea? Kwa nini hauingii kwenye sikio la ng'ombe wa Kaburu njiani? Wekesa alisema hata yeye alifundishwa namna ya kuitumia, hakufundishwa hilo.

Kwa siku kadhaa tuliita na hakuna aliyejibu. Mashine ilikuwa inachemka tu kama mafuta kwenye kikaango. Niliendelea kujazia viazi mfuko wangu. Halafu asubuhi moja Wekesa aliinua mkono juu, akabonyeza vile vyombo vya masikioni, na kalamu yake ikaanza kukimbia.

"Ni kisiwa," akasema.

Nikamuuliza wanasema nini. Akasema wanataka dawa, unga na mahema. Nikamwomba anisomee waliokufa. Akasoma polepole. Mliwazika, unawajua, sitawataja. Kila jina lilipoanza nilishika chuma cha ile mashine. Jina lako halikuwamo. Lakini Wekesa ni mkweli, akaniambia, "Mzee, bado hawajamaliza kuhesabu upande wa chini." Upande wa chini ndio wetu.

Baada ya mambo ya serikali, watu wa kisiwani waliruhusiwa maneno machache machache kwa ndugu zao walio kazini. Kila jioni Wekesa alisimama dirishani akiita, na vibarua walijaa pale. Jioni ya kwanza hakukuwa na langu. Jioni ya pili akaita, "Baba Akoth, Eldoret!"

Wakajitokeza wawili. Mmoja anafagia stesheni, mwingine ni mpishi wa hoteli. Wekesa akasoma: "Akoth na mama yake wazima. Nyumba haina paa. Usitoroke kazi."

Mfagiaji akasema, "Akoth wangu yuko hapa hapa Eldoret. Anauza uji nyuma ya godauni. Na nyumba yangu ina paa, labda muniambie sasa hivi nikaangalie."

Mpishi akasema, "Mimi kwetu hakuna hata bwawa. Kisiwa nitakitoa wapi?"

"Lakini una sura ya kutoroka kazi!" mtu akapiga kelele nyuma, na watu wote wakaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, mke wangu. Nisamehe. Akoth ni jina la kila msichana wa kwetu aliyezaliwa mvua ikinyesha, na mvua hunyesha kila mahali. Mimi sikuwa baba wa mtu. Wewe uliniita mwenye nyumba tu, tangu nikuoe. Nilikuwa nasubiri kusikia jina langu nililobatizwa, kana kwamba sijui kuwa mke wa kwetu hawezi kulitamka jina la mume wake, hata mbele ya serikali.

Wekesa hakupenda ujumbe ukae bila mwenyewe. Kesho yake akaniambia nizungushe, awaulize kisiwani huyu Baba Akoth ni nani. Nikazungusha. Sikia hilo: ni mkono wangu uliopeleka swali. Kisha akasikiliza, akaandika, akanisomea huku akitikisa kichwa.

"Wanasema mama amekataa kutaja jina la mume. Ameulizwa, anatazama chini tu. Anasema mume alimwacha na mimba, anachimba mashimo ya nguzo za simu, na mtoto amezaliwa ndani ya dispensari usiku ule ule wa dhoruba." Akageuka kwenye kile kidude chake cha kugonga. "Haya, tuwajibu. Zungusha."

Sikuzungusha.

"Mzee, zungusha! Mashine imekufa!"

Mikono ilikuwa juu ya vyuma lakini haikunitii. Wekesa akageuka kunigombeza, akaniona uso, akaacha. Akaniuliza, taratibu kabisa, "Ni wewe?"

Nikamwambia, "Nafikiri ni mimi."

"Unafikiri?"

"Ndiyo kwanza nasikia."

Alisimama akanishika mkono, mtoto yule, kama mkubwa. Akasema niseme maneno yangu naye atayagonga. Maneno niliyoweka tangu habari ya dhoruba yalikuwa ya msiba, na hayakufaa tena. Kwa hiyo yale uliyosomewa pale dispensari, "Nimesikia, sitoroki," ndiyo niliyoyapata. Usidhani nilikuwa mchoyo. Na nilijizungushia mwenyewe, kwa nguvu mpaka Wekesa akasema nipunguze nisiivunje.

Sasa nijibu haya. Walipokusomea, Akoth alikuwa mgongoni au kifuani? Ile milio ya mashine aliisikia, akageuza kichwa, au alilala? Anafanana na nani? Dhoruba ilipong'oa paa la dispensari yeye alikuwa ameshatoka, au alitoka baadaye? Na ni nani aliyemshika wa kwanza? Swali langu kubwa ni hili moja. Mashine Wekesa anaweza kuisimamisha na kuifungua nikaona nyaya zake. Lakini wewe, ukiwa umelala bila paa na mtoto mchanga, ulijuaje kwamba mimi huku nilikuwa tayari nimefunga mfuko nitoroke? Viazi vyenyewe nimewapa wenzangu wakala.

Mkataba wangu utaisha mvua za vuli zikikatika. Nitashuka na bati nitakazoweza kubeba, na suruali nyingine.

Nisalimie mama yangu, umwambie bibi hakohoi mbele ya mjukuu. Nisalimie kaka yangu mkubwa, na asiezeke nyumba yangu kwa haraka kabla sijaja kupima. Msalimie shangazi anayekaa kilimani, nasikia aliwapokea wengi. Mama mkwe nampa heshima yake kutoka mbali, kama inavyotakiwa. Mwalimu, asante kwa sauti yako.

Na huyo msichana mweleze baba yake yuko Eldoret, anazungusha.

Mimi wako,
Baba Akoth